Kompresa Katika Stoo ya Mama Mkwe

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni. Joto la leo ni lile la kukufanya ugombane na shati lako mwenyewe.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chai nimeimimina mara mbili na mara zote mbili nimeisahau. Kichwa kinauma tangu adhuhuri na kucha zangu zina oili ambayo sabuni imeshindwa nayo. Naandika kwa sababu nikiacha mikono bila kazi nitaanza kufungua nati ambazo hazina kosa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Abshir, fundi wa friji na AC hapa Garissa. Wiki mbili zilizopita nilikabidhiwa mashine ambayo sijawahi kuiendesha peke yangu, kompresa ya shinikizo kubwa. Si ile ya kujaza upepo kwenye tairi. Hii inajaza mitungi ya kupumulia, ile inayobebwa mgongoni, na mtungi mmoja unamtosha mtu nusu saa akiwa chini ya kisima.

Wenyewe ni wachimbaji wa visima wa kule Balambala, watu saba, na kiongozi wao ni Idris. Kiangazi kikikaza wanashuka visima vya zamani kuondoa mchanga na tope ili maji yapate njia. Hewa ya chini kule haiaminiki. Mitungi na barakoa walipewa zikiwa zimetumika, kompresa ikapatikana kwa michango, na mimi nikaombwa niitunze kwa kuwa nimesomea mambo ya gesi kidogo.

Na kwa sababu ya Yasin.

Yasin alikuwa mdogo wake Deka, mke wangu. Alikufa ndani ya kisima kiangazi cha mwaka juzi, akiwa na kikundi hiki hiki. Watu walisema ni pumzi mbaya ya kisima, Mungu amemchukua, tukamzika siku ile ile kabla ya magharibi.

Duka langu liko karibu na mahali malori yanapoegeshwa, na moshi hauishi pale kutwa. Kompresa inakupa kile ilichovuta, kwa hiyo nilitafuta pahali pasafi. Nyumba ya mama mkwe, Hooyo Dahabo, iko ndani kabisa, mbali na barabara, na ina stoo yenye stima ya kuaminika. Nilimtuma Deka aombe. Jibu likarudi kwamba niilete kesho yake.

Nilimtuma Deka kwa sababu mimi na Hooyo hatuzungumzi ana kwa ana. Ndiyo heshima yetu, mkwe na mama mkwe. Miaka kumi na mmoja nimemsalimia kupitia pazia la mlango, naye amenijibu kupitia pazia hilo hilo, na mambo mazito yote yamepita kwa Deka.

Sasa oili. Sijui kama nimewahi kumfikiria binadamu yeyote kama nilivyoifikiria oili wiki hizi mbili.

Mashine mpya haiwekewi oili bora mara moja, na hili huwashangaza wengi. Oili bora, ile ya sinthetiki, inateleza mno, na ringi mpya za pistoni zinahitaji kusuguana kidogo na ukuta wake mpaka zikae sawa. Kwa hiyo saa kumi za mwanzo unaizoesha kwa oili ya kawaida isiyo na dawa nyingi. Vali unaiacha wazi, hewa inakwenda zake, halafu unapandisha shinikizo polepole. Ukimaliza unaimwaga oili hiyo yote na ndipo unaweka ile ya kudumu.

Idris aliniambia nitie oili ya lori, kwa kuwa lori linafika nayo Mandera na kurudi. Nilimweleza kwamba oili ya lori ina dawa za kusafisha injini, zikipata joto zinaingia kwenye hewa, na hewa hiyo inaingia kwenye mapafu ya mtu. Nilijiona mjuzi sana siku ile.

Halafu joto. Kijitabu cha mashine kimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuingia stoo ya bati mjini Garissa saa nane mchana. Wanasema oili nyepesi inatosha. Nilichagua nzito zaidi kidogo, nikaagiza, ikaja na basi, na tangu siku hiyo nikaanza kujiuliza kama nimekosea. Nilikuwa naamka nimeshika kile kijitabu.

Jumatatu zile saa kumi za kuizoesha zilitimia. Nikamwaga oili ya kwanza, ilikuwa nyeusi yenye vumbi la chuma linalometameta, kama inavyotakiwa. Nikaweka ile ya sinthetiki. Jumanne jioni nikajaza mitungi miwili, nikafungua mmoja mbele ya kitambaa cheupe. Hakuna doa hata moja.

Lakini hewa ilikuwa na harufu.

Kidogo tu. Tamu, yenye kuungua kwa mbali. Moja kwa moja nikailaumu oili yangu nzito, kwamba inapikika mle ndani. Nikaimwaga yote ikiwa mpya, nikaosha, nikaweka ile nyepesi ya kijitabuni, nikabadilisha filta na kuijaza mitungi upya. Jana jioni nikafungua tena. Harufu ile ile.

Ndipo Idris alipopiga simu. Kisima kimejaa mchanga, ng'ombe wamefika, na Jumamosi lazima washuke. "Abshir, mitungi mbili tu," alisema. "Wewe nipe mbili. Hii watu yote nitaambia nini?" Nami, kwa aibu, nikasema imebaki kidogo. Sikuwa najua imebaki nini.

Leo adhuhuri nikaamua kujipima mwenyewe. Nilikaa juu ya jerikeni mle stoo, nikavaa barakoa, nikapumua hewa ya mtungi wangu kwa dakika ishirini nikitazama saa. Dakika ya kumi kichwa kilianza kugonga. Ya ishirini nilivua barakoa. Nikatoka nje nikizunguka nyumba kwa upande wa nyuma, pale nilipopitisha paipu ya kuvutia hewa dirishani.

Chini ya paipu kulikuwa na dabqaad.

Wasiotujua: hicho ni chetezo cha udongo. Kila nyumba ya Kisomali inacho, na kila alasiri makaa yanawekwa ndani yake na juu ya makaa uunsi, ubani wetu wa sukari na manukato. Makaa ya jana yalikuwa yamekwisha kuwa majivu, na pembeni kulikuwa na majivu ya juzi na ya siku nyingine kabla yake. Hooyo alikuwa anakiweka pale kila siku, na mashine yangu ilikuwa inavuta kila siku.

Harufu hiyo imo kwenye shela za Deka, kwenye mito yetu, kwenye nywele za binti zangu. Nimeivuta maisha yangu yote, ndiyo maana nilipoikuta kwenye mtungi sikuijua. Nilikuwa nimemwaga oili nzuri kwa kosa ambalo haikulifanya.

Manukato yenyewe hayaui mtu. Ni makaa. Makaa yana ule moshi usioonekana, unaoingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa, mtu analala na haamki. Filta yangu haiuzuii.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Mwaka juzi, maji yalipozidi kisimani, pampu iliyotumika kuyatoa ilikuwa yangu. Ya petroli. Paipu haikufika kutoka juu, wakanipigia simu, nikasema ishusheni chini kwa kamba, iwekeni kwenye kile kidaraja cha mawe kilicho ndani ya kisima. Mimi ndiye niliyesema. Yasin alishuka nayo. Haikuwa pumzi ya kisima iliyomuua, ulikuwa moshi wa pampu yangu, na nilijua hivyo kabla hatujamfikisha makaburini. Watu waliposema pumzi mbaya, niliitikia amina.

Kwa hiyo nilisimama pale nyuma ya nyumba na chetezo mkononi, na nitakuwa mkweli: wazo la kwanza lilikuwa kukihamisha tu. Nikipeleke upande wa jikoni, niinue paipu hadi juu ya paa, ninyamaze. Nilitembea nacho hatua kama kumi. Nikarudi. Nikaenda tena. Jirani angeniona angedhani nimepigwa na jua.

Lakini Hooyo angekirudisha. Au siku moja paipu ingeshuka, na mtu mwingine angewasha makaa chini yake bila kujua kwa nini isifanyike. Ilibidi aambiwe, na nisingeweza kumweleza habari ya makaa bila kumweleza habari ya pampu. Ni moshi mmoja.

Nilikwenda mlangoni, nikasalimia. Deka alikuwa sokoni, hapakuwa na wa kumtuma. Nikaongea na pazia. Tulizungumza Kisomali, hapa naandika nilivyoyabeba moyoni. Nilianza na makaa nikamaliza na pampu, na sikulipamba neno lolote. Nilisema paipu ilikuwa fupi na kwamba amri ilikuwa yangu.

Nilisikia tasbihi yake ikigongana, halafu ikaacha.

"Nguo zake nilizifua mimi," alisema. "Mara tatu. Petroli haikutoka."



Akasema mashine yangu ikipata joto, nyumba nzima inanuka karibu kama nguo zile, na kwamba hakutaka vijana wa watu washuke kisimani wakiivuta harufu ile. Ndiyo maana alikuwa anaweka uunsi. Alidhani anaisafisha hewa yao.

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka kumi na mmoja. Alifungua pazia. Ni mwanamke mfupi kuliko nilivyodhani. Alinyoosha mkono, akachukua chetezo chake kutoka mkononi mwangu, akaniuliza kama Deka anajua. Nikasema hajui.

"Mimi sitamwambia," alisema. "Miaka miwili nimengoja wewe useme. Mtoto wangu yule naye anangoja, ila hajui kwamba anangoja."

Akashusha pazia.

Nimefungua mitungi yote miwili ikaisha hewa, imelia mpaka masikio yakachoka. Nimempigia Idris nikamwambia Jumamosi haitawezekana, na kwamba nilimdanganya niliposema imebaki kidogo. Alifoka, haki yake. Nilimwambia sababu ni makaa, na kwamba habari ya pampu nitakuja kuwaeleza mwenyewe, wote saba, kisimani kwao. Akauliza ni siku ngapi. Nikasema nne. Akasema watawapeleka ng'ombe mtoni kwa sasa, ingawa ni mbali na mamba wapo.

Kazi iliyobaki ni hii. Paipu inapanda juu ya paa, upande upepo unakotokea. Filta mpya. Mashine naiendesha vali ikiwa wazi kutwa nzima kabla sijajaza chochote, na oili nairudisha ile nzito niliyoichagua mwanzo, kwa maana haikuwa na kosa. Hewa ya kwanza nitakayoijaza nitaipumua mimi tena, dakika ishirini, na mtu akinitazama.

Hayo nayaweza. Ni vyuma.

Deka amerudi sasa hivi. Namsikia akivua viatu mlangoni na kuwaambia wasichana wapokee vifurushi. Anauliza mbona chai imeachwa.

Sitaweka maandishi haya mtandaoni kabla sijakaa naye. Kwa hiyo, wewe unayeyasoma, ujue kwamba yeye ameyasikia kwanza, kutoka mdomoni mwangu, bila pazia.