Hatua za Kwenye Kiti

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Nguo zianue mvua ikianza.

Asubuhi ulipomwambia daktari kwenye simu, "Bibi anatembea hatua elfu sita kila siku," nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ile saa uliyonivalisha inahesabu mkono ukitikisika, si miguu. Mimi naketi zangu kupepea jiko la mkaa, nayo inahesabu tu. Ulivyonisifu, nikashindwa kusema kweli. Sasa daktari anataka kunipunguzia dawa ya presha kwa hatua za kwenye kiti!

Nimekwenda kumwambia mwenyewe, kwa miguu. ~~Nitarudi saa sita.~~ Nitarudi saa tisa.

Nisamehe, mama. Saa nimeiacha hapa mezani. Usije kunichukua na pikipiki, hatua za leo nataka ziwe zangu.

Bibi yako mwongo