Baba Ananiambia Taa Bado Inawaka

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nimekwama na sina wa kumwambia, maana jambo lenyewe ni la baba yangu, na kumsema nje naona kama kumvua nguo.

Mimi ni mtafiti wa sola, lakini si zile za vioo vizito mnazoziona mapaani, zetu ni za kikaboni, yaani ni wino wa jamii ya plastiki tunaoupaka juu ya karatasi ya nailoni, nyepesi unaweza kuikunja ukaitia mfukoni, ila ugonjwa wake ni huu, jua lile lile linaloilisha ndilo linaloichosha, na unyevu ukipenya pembeni ndiyo basi tena. Mwaka jana tulipata mchanganyiko uliotoa umeme mwingi kuliko yote tuliyowahi kuijaribu, nikafurahi, nikamfungia baba karatasi moja dirishani, yeye ni fundi saa, chumba chake cha kazi hakina umeme na macho yameanza kumsumbua, nikaiunganisha na betri na taa ya mezani nikamwambia, "Baba, wewe ndiye utakayeniambia kama inadumu."

Kila nikipiga simu namuuliza kama inawaka, ananijibu inawaka vizuri mwanangu, mpaka wateja wanaiulizia, nami naandika kwenye ripoti kwamba ni imara, na nikienda kumtembelea naikuta inawaka kweli. Juzi nilipita mchana bila taarifa, nikamkuta amebeba kiti chake hadi mlangoni, saa ya mtu ameisogeza karibu iguse pua, na kule dirishani karatasi imepauka kama shati lililosahauliwa kwenye kamba. Hakuniona. Nikarudi nyuma, nikaingia kwa kinyozi jirani yake kumuuliza, akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka, akasema, "Mzee huniletea betri niichaji kwa umeme wangu kila akisikia unakuja. Anasema ukijua imekufa utavunjika moyo."

Mshauri, nililia palepale kwenye kiti cha kunyolea. Na sasa mkuu wangu wa maabara, kwa kuiamini ripoti yangu, anataka karatasi za mchanganyiko huo huo zipelekwe zahanati isiyo na umeme, ziwashe taa ya chumba cha kujifungulia. Nikisema ukweli namwaibisha baba, nikinyamaza nawatia gizani watu nisiowajua. Shangazi anasema karatasi ya baba niitoe kimya kimya, nisingizie naipeleka kusafishwa, nimrudishie nyingine. Nifanyeje?

Binti wa Fundi Saa

*

Marahaba, binti wa fundi saa, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi nivue miwani niifute. Una baba. Wengine tumebaki na picha ukutani.

Sasa nikuseme. Hilo swali lako, "inawaka?", si la mtafiti. Ni la mtoto anayetaka kusifiwa, na mzazi gani atamnyima mwanawe sifa? Hukumuuliza inafifia wakati gani wala imebadilika rangi wapi. Ulimwomba habari njema, naye akakutengenezea, kwa gharama ya macho yake mwenyewe.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, ingia kwa mkuu wako umwambie ripoti ile haisimami na zahanati isubiri. Mama mwenye uchungu hawashiwi taa ya kupendezesha. Utaona haya kidogo, lakini haya haiui mtu.

Shangazi yako anakutakia mema, ila ukificha juu ya kuficha, mtakuwa wawili mnaodanganyana kwa mapenzi. Nenda kwa baba yako. Mpelekee kwanza taa inayowaka, yoyote ya dukani, maana macho yake hayawezi kungoja utafiti wako ukomae. Kisha kaa umwambie, "Baba, najua imekufa, na sijavunjika moyo. Nisaidie kujua imekufaje." Fundi haletewi saa inayotembea, hilo analijua kuliko mimi na wewe.

Kinyozi usimtaje. Wala usimuulize baba kwa nini alikuficha, sababu unayo tayari. Machozi yakimtoka, usimkataze. Ngoja amalize, kisha simameni wote wawili mbele ya hilo dirisha, umuulize ilianza kupauka upande gani.