Wamepona, Nami Bado Nawapaka Dawa

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na ukiweza unijibu kabla ya Jumatatu, maana siri hii nimeibeba peke yangu na imeshanichosha.

Mimi ni mshonaji katika kiwanda cha mashati, nashona kola, kola tu, huu ni mwaka wa tano, natoka nyumbani watoto hawajaamka na nikirudi wameshakula wameshaoga wanasinzia, baba yao yuko mbali kwenye kazi za ujenzi anakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo anayewalea hasa ni wifi yangu wa nyumba ya pili, binti yangu ana miaka sita na mdogo wake wa kiume ana minne, na nikisema ukweli nawajua zaidi wakiwa wamefumba macho.

Sasa wiki tatu zilizopita wote wawili wakashikwa na tetekuwanga, na wifi ni mjamzito na hajawahi kuugua ugonjwa huo, daktari akampiga marufuku kuwasogelea, ikabidi nikae nao mimi, nikaandikiwa cheti cha wiki mbili, msimamizi wangu akakisoma mara mbili, akanuna, akakubali. Siku ya kwanza niliona aibu, mshauri, kwa sababu sikujua mtoto wangu wa miaka minne anachekeshwa na nini, namwimbia ananitazama tu huku anajikuna, mpaka dada yake akaniambia taratibu, "Mama, huyu hapendi nyimbo, anapenda umuulize maswali ya uongo." Nikamuuliza kama kuku wetu wamepiga mswaki, akacheka mpaka akasahau kujikuna.

Tangu hapo nyumba ikawa nyumba. Vijiko vyote vimeugua tetekuwanga, vimelazwa kwenye kitanda changu na kufunikwa vitambaa, na uma ndiye daktari kwa kuwa ana sindano nne, kitanda kikichoka kuwa hospitali kinakuwa lori, mdogo anahesabu vipele vya dada yake, akifika kumi na moja anarudi sita, na mimi katikati yao nimejaa manyoya ya mto kichwani wala sikumbuki kola.

Siku ya kumi maganda yakakauka yote, yakadondoka. Cheti kilipoisha nikampigia msimamizi nikamwambia vipele vimeibuka upya, baba yao nikamwambia hivyo hivyo kwenye simu, na wifi akija dirishani kuuliza namwambia asisogee, na ili uongo ukae sawa kila asubuhi nawapaka ile dawa ya rangi ya waridi juu ya ngozi nzima isiyo na kitu. Juzi binti yangu akaja akafunua tumbo, akasema, "Mama, vingine vimetoka." Nikainama kuangalia. Vilikuwa vitone vya kalamu nyekundu, amevipanga kwa mstari. Hakucheka, alikuwa ananitazama usoni aone nitasema nini, na mimi badala ya kumgombeza nikachukua chupa ya dawa nikampaka kimoja kimoja mpaka vikaisha, naye akashusha pumzi.

Mshauri, nina hamu na watoto wangu, ile hamu ya mtu aliye mbali, nao wamenilalia mapajani. Msimamizi anataka cheti kipya Jumatatu, la sivyo cherehani yangu anapewa mwingine. Hata Jumamosi huwa naingia, si lazima, ila sitaki anione mvivu. Niache kazi? Nitafute cheti kingine? Nifanyeje?

Mama wa Kola

*

Mama wa Kola,

Barua yako niliianza nimesimama nikaimaliza nimekaa. Pole, mwanangu. Kuwatamani watoto uliowazaa si kosa, na anayekucheka hajawahi kurudi nyumbani akakuta watoto wameshalala. Sasa nisikilize, maana upole wangu unaishia hapo.

Wifi yako ana mimba, na kila siku anasimama dirishani na hofu ya ugonjwa ambao haupo. Huyo ndiye anayekulelea watoto. Leo hii, kabla hujaweka gazeti chini, mwite aingie ndani umwambie ukweli. Akikasirika, mpe kiti akasirike vizuri. Baba watoto naye mpigie.

Cheti cha uongo usikitafute. Jumatatu wahi kazini, mwambie msimamizi kwamba watoto walipona na wewe ukachelewa kurudi, basi, usimpambie hadithi. Atafoka. Mwache afoke, kisha omba cherehani yako. Akikunyima, utatafuta kiwanda kingine ukiwa na jina safi, lakini habari ya kuacha kazi mwenyewe sitaki kuisikia, watoto hawali hamu.

Akikurudisha, mwambie papo hapo kwamba Jumamosi huingii tena. Lile neno lako "si lazima" nimelisoma mara tatu, nikatamani nikuvute sikio. Miaka mitano unagawa siku ambayo hakuna aliyekuomba, halafu unakuja kunililia kwamba huna siku. Jumamosi ni ya hao wawili. Na asubuhi waamshe kabla hujatoka. Watanuna, wifi yako atanisema vibaya, waamshe tu, umuulize mdogo swali lake moja la uongo ndipo uvae viatu.

Limebaki la binti yako. Ulidhani anacheza na kalamu? Alikuwa anakuombea ruhusa ya kazini. Ana miaka sita na ameshajifunza kwamba mama hukaa na wagonjwa tu, na wewe kwa mkono wako ukampaka dawa ukamwambia ndiyo, ni kweli. Ukimwacha na somo hilo, tumbo litamuuma kila Jumatatu, na siku atakayougua kweli hutamwamini.

Kesho waogeshe, dawa yote itoke. Akishajifuta, mkalishe mapajani akiwa mzima hivyo hivyo, umwambie kwamba siku zote hizi ulitaka kukaa naye. Usidhani anajua. Yeye anaamini ni ugonjwa uliokuweka nyumbani. Mwambie ni wewe.