Kikomo cha Juu na Kikombe cha Mursik

Alhamisi

Bosi ameifuta safu nzima kwenye ripoti yangu! Bado nimechefuka.

Tulipima maziwa ya nyumba chache hapa Silibwet, kwa sababu watu wakichambua mahindi, yenye ukungu wanapea ng'ombe, na sumu ya ukungu huo hupita hadi kwenye maziwa. Wastani wa sumu ulitoka chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Lakini nyumba chache haziwezi kusema yote. Ndiyo maana nilipiga hesabu ya kikomo cha juu, yaani mahali ambapo wastani wa kweli unaweza kufika. Kimepita kiwango, tena kwa mbali.

Bosi akaniambia, "Hiyo toa. Utatisha watu bure."

Leo akasimama mbele ya wakulima akatangaza, "Maziwa yenu ni safi kabisa." Wakapiga makofi. Mimi nimeshika projekta kama mjinga.

Mama Chepkoech, ambaye maziwa ya ng'ombe wake tuliyapima, akaleta kibuyu cha mursik, maziwa yake ya kuganda, akamimina kikombe cha kwanza. "Daktari, karibu maziwa."

Bosi akatabasamu. "Asante mama, lakini leo tumbo yangu inasumbua." Akanisogezea mimi.

Tumbo gani? Njiani alimaliza sahani ya madondo na chapati akaongeza nyingine!

Mama alikuwa ananiangalia, nikanywa. Mjukuu wake alikuwa ameshamaliza chake na anaomba kingine. Hicho ndicho kinaninyima usingizi.

Kumbe bosi anaamini kikomo cha juu. Anakiamini kwa tumbo lake tu.