Kila Mtu Ana Mama

Tandika, Alhamisi asubuhi

Dada yangu Somoe, shikamoo.

Kabla ya jambo jingine lolote nijibu hili moja: u mzima? Kile kifua kimetulia? Miguu bado inavimba? Najua kila anayeandika barua huanza kwa kuuliza hali kwa sababu ndiyo adabu, lakini leo mdogo wako nauliza kwa sababu naogopa. Tangu juzi napiga simu yako, na yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu kwamba hupatikani. Nimempigia jamaa mmoja wa Newala mjini, akasema mnara wa huko Kitangari umezimika tangu mvua zile kubwa na kijiji kizima hakipatikani. Mchana nilimwamini. Jioni nikaacha kumwamini.

Sie huku hatujambo. Mie kazi yangu bado ni kule Keko, napiga msasa na vanishi makabati ya watu. Wifi yako hajambo, watoto nao wanasoma na kugombana kama kawaida. Habari yenyewe ni ya mwanao Zuhura uliyenipa nikae naye huku asome. Usishtuke, haumwi.

Unakumbuka nilikwambia walimu wake walimchagua kwenda Kawe kila Jumamosi, kwenye kituo kinachoandaa watoto kwa ajili ya vyuo vikuu vya ng'ambo, vile vinavyogombewa na dunia nzima. Nilikuuliza, mbona mapema hivi, mtoto yuko kidato cha tatu? Kumbe vyuo hivyo havingoji mtu amalize kidato cha sita ndipo ajiandae. Wanafundishwa mitihani ya Kiingereza, wanapelekwa kujitolea hospitali, wanazoeshwa kuhojiwa. Waliambiwa wajifunze kumtazama mkubwa machoni wanapoongea naye. Zuhura akafanya mazoezi kwangu, tukiwa tunakula. Alinikazia macho mpaka mie ndiye niliyeinama nikatazama sahani. Tulicheka siku ile.

Halafu wakaambiwa kila mmoja aandae habari za maisha yake, kwa sababu alama nzuri wanazo wote, na chuo kinataka kumkumbuka mtu. Zuhura akaandika habari zako. Aliandika jinsi ulivyokuwa unamwambia asome kwa sauti barazani wakati wewe unaokota korosho, na sauti yake ikififia unamwita kutoka kule mikoroshoni, "Zuhuraaa! Sikusikii!" mpaka majirani wanajua kazi ya nyumbani ya mtoto wako kuliko mwalimu wake. Mie niliposomewa nilitokwa na machozi. Mwalimu wa Kawe, kijana mmoja mstaarabu aliyesoma huko huko ng'ambo, akamwambia, "Nzuri, Zuhura, ila ni ya kawaida. Kila mtu ana mama."

Haya yote nimeyajua baadaye. Siku ya Jumanne mie nilikuwa natoka zangu Keko sijui lolote.

Nilipokata kona ya nyumbani nikaona viti vya plastiki vimepangwa nje kwangu. Nikaona mikeka, akina mama wamejitanda khanga, na sufuria kubwa jikoni uani. Nikajua kuna msiba, ila sikujua wa nani, nikaanza kuhesabu watoto wangu kwa macho. Mama Chausiku, jirani yetu wa mlango wa pili, akaja akanishika mikono yote miwili.

"Pole, baba Faidha. Pole sana. Ndo mapenzi ya Mungu."

"Pole ya nini?"

"Jamani! Si dada'ko, mama Zuhura. Kwani hujaambiwa?"

Dada! Niliketi chini kwenye vumbi, mtu mzima, nikalia nikikuita jina. Wale kina mama wakaona nalia nao wakaangua kilio upya. Sikuuliza umekufa lini wala kwa nini. Nilikuwa nawaza tu kwamba sikuja kukuona msimu uliopita wa korosho, nikakuahidi nitakuja, na sasa sitakuja tena. Nimekaa kwenye msiba wako, dada. Wewe uliyekuwa ukiua nyoka mie nimepanda juu ya kitanda.

Zuhura alikuwa amejifungia chumbani. Akatoka, akasimama mlangoni na sare zake za shule, akasema kwa sauti ambayo nusura nisiisikie, "Mjomba, mama hajafa. Nilisema mie."

Ndipo nikaelezwa. Jumamosi walikuja wageni Kawe, na kila mtoto alisimama kusimulia maisha yake. Zuhura, kwa kuogopa kuwa wa kawaida, akasema mama yake amefariki, hakusema lini, na kwamba mpaka leo akisoma humsikia akimwita. Wageni walifuta machozi. Mama Chausiku anapika chakula cha watoto pale kituoni, akasikia akiwa dirishani. Akarudi mtaani akiwa amejaa huruma, akashangaa mjomba gani huyu asiyeweka hata mkeka wa dada yake. Mtaa ukaamua kunistiri. Wakajichangisha mchele na mkaa, wakauweka msiba wenyewe.

Kisha bibi mmoja akasema, "Uchuro huo! Unamtamkia mama'ko kifo?" Mwingine akamrukia, "Wacha kumtisha mtoto. Mtu akizushiwa kufa ndo anaishi mpaka anachoka mwenyewe." Wakabishana. Wali ulikuwa umeshaiva, kwa hiyo wakala, nasi tukala, na sijui tulikuwa tunakula cha nini.

Wakati huo huo nikachukua simu nikupigie, ili Zuhura asikie sauti yako, na mtaa wote usikie. Hupatikani. Nikarudia mara nyingi. Zuhura alikuwa amesimama karibu, akamsikia yule mwanamke wa kwenye simu. Akaniuliza, "Mjomba, na kama ni kweli?" Nikamwambia ni mnara. Tangu hapo hajaniuliza tena, ila chakula hagusi, na mie msasa unaniponyoka mkononi. Mie si mtu wa uchuro, unanijua, nasali na naamini kila mtu na siku yake. Lakini naogopa, dada. Nasema waziwazi.

Jana mwalimu alipiga. Keshokutwa, Jumamosi, wanakuja watu wa chuo chenyewe kuongea na watoto wachache, na Zuhura ni wa kwanza kati yao. Zuhura akamwambia ukweli wote. Nilikuwa nimesimama naye, nikasikia kijana wa watu anavyohema. Akamwambia, "Usiibadilishe sasa, Zuhura, wameshaipenda. Na ukikosa Jumamosi umekosa. Hawa watu hawarudi." Mtoto akamjibu, "Teacher, mama yangu hapatikani," akakata simu.

Kwa hiyo Jumamosi hatakuwa Kawe. Atakuwa kwako, Mungu akijalia. Anapanda basi la kusini pale Mbagala pamoja na wifi yako, mie nabaki na watoto. Nilimwambia ayaseme mwenyewe akifika. Akasema, "Andika wewe, mjomba. Mie siwezi kulitamka tena." Ndiyo maana ya barua hii anayokuletea mwenyewe. Sijui kama tumemfungia mlango wa chuo. Huenda tumemfungia, na hilo nalo linanitisha, ila nimeshindwa kumwambia abaki.

Nisalimie shemeji Mfaume, mumeo, umwambie asimkaripie mtoto. Nisalimie mama yetu mdogo Bi Hadija, dawa yake ya miguu anayo wifi yako. Fundi Issa, mtani wetu, asiipate habari hii kabisa, maana atakuja kudai wali wa msiba wako kwa mdomo wake mwenyewe.

Kama unayesoma ni mtu mwingine, tafadhali ikunje, usimsomee mtoto. Kama ni wewe, basi nimeogopa bure, na unicheke utakavyo. Zuhura amesimama hapo mbele yako, hajui pa kuweka mikono. Usimuulize kitu kwanza. Nenda mikoroshoni, mwache barazani, kisha umwite kama zamani, kwa sauti yako yote, mpaka aitike.

Ni mie mdogo wako,
Athumani