Kidole Changu Mkononi mwa Somoe

Jumatano, alasiri. Mvua imekatika lakini wingu bado limekaa juu ya Lindi, na joto halina pa kutokea. Dirisha la chumba hiki limezibwa kwa shuka nyeusi. Naandika kwa mwanga mwembamba unaopita mlangoni, kwenye daftari langu la kisomo cha watu wazima. Kurasa za mbele zina hesabu za darasani. Huku nyuma natia yale ninayoshindwa kuyasema.

Ni siku ya nne tangu lori la kijiji litushushe hapa hospitali. Somoe, binti yangu wa miaka sita, amekakamaa kama mchi. Mgongo umepinda, meno yameshikana. Ana pepopunda.

Na ni mimi niliyemfungia ugonjwa ndani.

Tulikuwa tunasafisha kiwanja kipya, huko barabarani tulikohamishiwa, mtoto akakanyaga kisiki cha mkorosho. Tundu dogo, damu kidogo. Nikafanya kama alivyokuwa akinifanyia mama: nikachoma maganda ya korosho, nikadondoshea mafuta yake ya moto kwenye tundu mpaka likaziba, likawa jeusi kama lami. Alilia. Nilimbana mguu, nikamwambia atanishukuru. Kesho yake alikuwa anakimbia, nami nikajiona mama hodari.

Siku ya tisa akakataa ugali. Nikadhani ni wivu wa mdogo wake anayenyonya. Nilimfinya paja, nikamwambia, "Fungua mdomo, Somoe, usinidekee."

Alikuwa hawezi.

Mganga wa hapa hospitali, Mmakonde mwenye sauti ya chini, hakunikaripia. Alisema tu kwamba mdudu wa maradhi haya anakaa kwenye udongo na hapendi hewa. Pale nilipoziba, nilimjengea nyumba. Sijui kama angenipiga kofi ingeniuma zaidi.

Jana alinikuta namkanda mtoto miguu kwa mafuta ya nazi, na kila nikimgusa anazidi kujikunja. Akanitoa barazani akanifundisha kama mwalimu wa kisomo. Mimi siku zote nilidhani msuli ukichoka kukaza hulegea wenyewe, kama kamba uliyoiachia. Kumbe ndani ya nyama mna nyuzi ndogo zisizoonekana, na mna vighala vya chokaa, chokaa hii hii iliyomo kwenye mifupa. Amri ikija kutoka kichwani, chokaa inamwagika, nyuzi zinakamatana na kuvutana. Ili msuli ulegee, ile chokaa lazima irudishwe ghalani, chembe kwa chembe, na nyuzi nazo ziachiane. Yote mawili yanakula nguvu, ile tunayoipata kwenye chakula na pumzi.

"Kulegea nako ni kazi, mama," alisema. "Maiti hukauka kwa sababu hana tena nguvu ya kuachia."

Nikakumbuka tulivyomkosha mama yangu. Mwoshaji alituhimiza tumnyooshe mikono haraka, tumkunje na kumkunjua viungo, kabla hajakauka. Sikujua tulikuwa tunashindana na nini.

Kwa Somoe, anasema, sumu imepanda kwenye mishipa ya fahamu ikaziba ile sauti inayosema basi, acha. Amri za kukaza zinakuja tu. Chokaa haijarudi ghalani, imemwagika nyingine. Mlango ukigonga, amri. Mwanga, amri. Mkono wangu wa mapenzi, amri. Kwa hiyo sindano ya kumtuliza, uji mwepesi wa sukari kwa mpira wa puani ili nguvu zisimwishe, na kimya. Kimya ndiyo dawa niliyopewa mimi.

Nani kwetu anayejua kuuguza kwa kimya?

Leo asubuhi mama mkwe alifika na wanawake watano wa kijijini, na habari kwamba wamepata fundi wa kumpunga pepo. Ngoma wangepigia hapo nje tu, chini ya mwembe, kidogo. Nilisimama mlangoni, mikono huku na huku. Shikamoo yangu niliitoa kwa kunong'ona, hata sijui kama waliisikia. Mmoja akasema mimi darasa la nne limenipanda kichwani.

"Unanizuia mimi nisimwone mjukuu wangu?" mama mkwe akauliza.

Nilimwambia siwezi kumzuia, ila bangili zake zikilia mtoto atakunjika, na huenda pumzi isirudi. Nikamwambia na habari ya maganda ya korosho. Mpaka leo sikuwa nimemwambia mtu wa kwetu.

Alinitazama sana. Kisha akakaa chini barazani, akaomba sabuni. Bangili za fedha alizovishwa siku ya harusi yake, hazijatoka mkononi tangu hapo. Alizisugua, akazivuta, ngozi ikachubuka, hakutoa sauti. Akazifunga kwenye pindo la kanga, wenzake akawarudisha kwa mkono tu. Akaingia peku, akakaa ukutani pumzi tatu nne. Somoe hakushtuka. Alipotoka alimchukua yule mdogo anayenyonya mgongoni mwangu akaenda naye mbali, kilio kisifike huku.

Nilitaka kulia, nikakumbuka kwamba na mimi ni kelele.

Baada ya adhuhuri nilikuwa namfuta mate kwa kitambaa. Mkokoteni ukaanguka huko nje. Ngumi yake ikafunga juu ya kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto. Uso ukawa wa buluu. Nilihesabu, nikaacha kuhesabu. Pumzi ilirudi. Mganga akaja na sindano, akasema nisikivute kidole, nisubiri dawa imwingie mwilini.

Bado nasubiri. Kidole kimekufa ganzi. Naandika kwa huu mkono mwingine, daftari likiwa gotini.

Alipozaliwa, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kukamata kidole hiki hiki. Nilifurahi jinsi alivyokishika kwa nguvu, nikawaita watu waje waone.

Somoe, mama yako hakuombi kingine leo. Niachie, mwanangu. Niachie tu.