Meza ya Kukatia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima zote, na shangazi naye mfikishie shikamoo yangu, umwambie mafuta ya kuchua goti nitamtumia mengine. Macho yanaendeleaje? Dereva wa lori la vitambaa, huyu aliyekuletea barua, ndiye aliyeniambia kwamba siku hizi unasoma gazeti mwenyewe tena, nikafurahi sana. Basi na hii isome mwenyewe, hata ikikuchukua mchana mzima. Shangazi nampenda, ila unajua hana kifua. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaoumwa.

Huenda unajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu nimezoea kukwambia kwamba kaka hajambo, kazi zinakwenda, na umeme ndio unaotusumbua. Ulimi umeshaijua njia hiyo, unapita wenyewe. Ukweli ni kwamba kaka anaumwa, na si homa wala tumbo. Ni kamari, Baba. Anabeti kwenye simu, na huu ni mwaka wa pili.

Ilianza kama mzaha. Aliiegemeza simu kwenye boksi la chaki, mkasi uko mkononi, anabashiri timu za nchi ambazo hata kwenye ramani hawezi kuzionyesha. Wenyewe orodha ya mechi wanaiita mkeka. Ukichanika mmoja anasuka mwingine, na iliyochanika dukani humu ingetosha kutandika ukumbi mzima. Siku moja akamkatia mwalimu mkuu koti lenye mikono miwili ya kushoto. Wewe uliyemfundisha unajua hilo ni kosa la mtu wa wiki ya kwanza. Mwalimu akaingiza mkono, akautoa, akatuangalia kwa zamu, tukacheka wote watatu. Mimi ndiye niliyeacha kucheka wa kwanza.

Baadaye ile mashine ya ovaloki, ya kufunga kingo za nguo, ikaondoka. Kaka akaniambia iko kwa fundi. Nikamwuliza fundi, akasema hajaitia machoni. Likafuata jora zima la kitambaa cha sare za kwaya. Wanakwaya walikuja watano, na hawakuja kuimba. Wifi alivumilia mpaka siku alipokuta hereni zake hazipo, akamchukua mtoto wao akarudi kwao. Kaka aliapa, akalia, akafuta kila kitu kwenye simu mbele yangu. Kesho yake asubuhi alijifungia chooni na simu hiyo hiyo, nikasikia mtangazaji wa mpira.

Tuna mteja mmoja nesi, tunamshonea sare za kazi. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba hospitali yao ina wodi ya watu wenye uraibu, na wa kamari nao wanapokelewa, wiki sita. Nilipomfikishia kaka habari hizo alikuja juu. Akasema yeye hanywi wala havuti, kwa nini akalazwe na walevi. Kamari si ugonjwa, ni bahati tu imechelewa. Mwezi mzima tulivutana. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikanuna. Nikaificha simu, akanunua nyingine.

Mwishowe nesi akatumia akili. Alikuja Jumatano asubuhi na kitambaa cha suruali, akamwambia kaka kwamba maneno ya hospitali yameisha. Anachotaka ni suruali moja, ikatwe mbele yake, simu ikiwa ndani ya mkoba wake. Kaka akacheka, akasema suruali ni dakika ishirini tu, akaitoa simu. Alipima kiuno, akakisahau kabla hajakiandika, akapima tena. Alipiga mistari ya chaki, akaifuta. Jasho lilimtoka na feni inazunguka. Mkono wake ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe, unakuta patupu, unarudi, unakwenda tena. Saa nne haijafika akauweka mkasi chini, akakaa sakafuni katikati ya vipande, akasema basi, tumpeleke. Sijawahi kumwona kaka yangu akiwa mdogo namna ile. Nikakaa naye chini pale tukalia.

Siku hiyo hiyo tulikwenda kuandikishwa. Mshauri nasaha wa wodi ni mama mmoja mpole mwenye maswali makali. Kaka alimweleza yote bila kuficha, mpaka hereni. Halafu yule mama akanigeukia, akaniuliza mimi nilikuwa nafanya nini muda wote huo. Nikamjibu kwamba nilikuwa nashona. Aliandika, akaniangalia, akasema kesho nirudi peke yangu.

Baba, sasa nafika penye sababu ya barua hii, na kalamu imekuwa nzito. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ulimkabidhi kaka mkasi, mimi ukaniweka kwenye vifungo na pindo, ukasema msichana ataolewa aondoke na ufundi. Sikubisha, lakini iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Kaka alipoanza kuzubaa na simu, nilikata mimi ili kuokoa kazi. Nikagundua kwamba naweza, tena naweza sana. Kazi zote ulizosikia zikisifiwa mwaka huu, hata suti uliyoivaa kwenye harusi ya binamu ukawaambia watu ni kazi ya mwanao wa kiume, nimezikata mimi. Nilikuwa naamka na furaha ambayo sikuwahi kuijua.

Kwa hiyo kila nilipomwona anataka kurudi mezani, nilimnunulia bando la intaneti. Nilimwambia apumzike, leo kuna mechi kubwa, kazi niachie. Si mara moja wala mbili. Na mwezi wa tatu alinijia mwenyewe, simu ameizima, akaniomba nimtunzie kwa sababu amechoka na anataka kuacha. Nilimtunzia siku tatu. Siku ya nne ikaingia oda ya suti sita za harusi. Alimpima bwana harusi na wenzake wote bila kurudia kipimo hata kimoja, mikono imetulia kama zamani, nami nimesimama kando nimeshika daftari. Mchana ule ule nikamrudishia simu. Hakuwa ameiomba. Nilimwekea mbele yake, nimeshaichaji.

Nilipomweleza mshauri hayo, alisema nimwambie kaka kwa mdomo wangu kabla hajalazwa, maana akija kuyajua akiwa wodini atatoka mbio. Nilimwambia juzi tukiwa tunakunja vitambaa. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikikunja kitambaa alichokishika, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akasema atakwenda kwa sharti moja: wewe umwahidi kwamba akitoka ataikuta meza ya kukatia ni yake. Bila hiyo ahadi hatoki hapa, kwa sababu hawezi kuniachia duka wiki sita na mimi nimeshamwonyesha nilivyo.

Kitanda chake wamekishikilia mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi. Ikipita hapo anapewa mwingine, na foleni ni ya miezi. Mimi siamini kwamba kaka ana miezi. Jana amekaa kutwa mlangoni anatazama barabara, hali chakula, na simu ya jirani ikilia anashtuka.

Najua hasira zako, Baba. Utataka kumfukuza yeye kwa ajili ya mashine, au mimi kwa ajili ya simu. Sote tunastahili, ila tusubiri wiki sita, kisha useme unachotaka. Kwa sasa nakuomba umpigie kwenye simu yangu kabla ya Jumatatu umwambie meza ni yake. Usimwambie utafikiria. Usinitetee, wala usiseme tutagawana. Mimi mwenyewe nimeshamwahidi mara mbili, hakuniamini, na sikuweza kumlaumu, maana mara zote mbili nilikuwa na mkasi mkononi.

Wifi nimezungumza naye. Amesema ukipiga simu, Jumatatu atakuja kumsindikiza, na mtoto ataachwa kwa bibi yake. Msalimie binamu na mkewe, na wote wanaoniulizia. Mungu akuzidishie nuru ya macho, na kwa ajili yetu akuzidishie subira. Naomba radhi zako kabla sijaomba kitu kingine chochote.

Ni mimi kitindamimba wako,
ninayekupenda na niliyekukosea.